Somo la Mabonde ya Usambara: Kazi ya Ardhi, Kazi ya Maji, na Kazi ya Mikono Yetu

Tunaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwake twataka msaada. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya: ewe ndugu msomaji, jua ya kwamba mtu wa pwani atokaye Tanga kwenda Lushoto hupita Muheza na Korogwe, kisha hufika Mombo, na hapo Mombo huuona mlima umesimama mbele yake kama ukuta. Huiacha njia kuu, akapanda kiasi cha kilomita 33 za njia ipindayo kandokando ya korongo, mto ukinguruma chini yake, mpaka Soni penye maporomoko ya maji, kisha mpaka Lushoto, mji ulioinuka juu ya bahari kadiri ya mita 1,400. Akitoka hapo akaenda Irente, hufika ukingoni mwa genge. Na chini yake, karibu mita 1,000, huiona nyika imetandazwa kama jamvi hata macho yakome.

Mtu huyo hana budi husema, "Subhana-llah." Na neno hilo ni jema. Lakini wengi wetu hulisema kisha tukageuza uso, tukarejea safari yetu, kama kwamba tasbihi ndiyo mwisho wa kutazama, na ilhali ni mwanzo wake. Qur'ani imetuhimiza mahali pengi tutembee katika ardhi tuangalie, na imeitaja milima na kusimamishwa kwake katika mambo yanayotupasa kuyazingatia.

Basi katika risala hii ndogo twataka kujibu mas'ala matatu. La kwanza: bonde kubwa lililo chini ya Irente lilifanyika vipi? La pili: korongo la Soni lilifanyika vipi? La tatu: mifereji myekundu ionekanayo leo katika mashamba ya milimani, hiyo imefanywa na nani? Mwenye kuyachanganya matatu haya huingia katika kosa, wala si kosa la ilimu tu, bali ni la dini pia; na sababu yake tutaieleza mwisho, in sha Allah.

FASILI YA KWANZA
Waliyoyasema wanavyuoni wetu wa zamani

Wako katika ndugu zetu wasemao: "Ilimu hii ya mawe na mabonde ni ya Wazungu, na mwenye kuishika dini yake yampasa ajiepushe nayo." Maneno haya ni ya mtu asiyeijua mali ya baba yake, akaiona mkononi mwa jirani, akadhani ni ya jirani.

Sheikh Abu Ali Ibn Sina, aliyekufa mwaka 428 wa Hijra, nao ni mwaka 1037 wa Miladi, alieleza katika kitabu chake kikubwa kiitwacho Ash-Shifaa ya kuwa milima hufanyika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ardhi yenyewe kuinuliwa na nguvu iliyo chini yake, kama itokeavyo katika zilzala. Ya pili ni maji: hupita penye udongo laini yakauchukua, na penye mwamba mgumu yakauacha, hata palipochimbwa pakawa bonde na palipobaki pakawa mlima. Naye akasema ya kwamba mambo haya hutaka muda mrefu mno.

Na mwenziwe wa zama zile, Abu Rayhan al-Biruni, alipofika Bara Hindi aliyatazama mawe ya mitoni. Akaona ya kuwa karibu na milima mawe ni makubwa. Kadiri mtu anavyojitenga na milima huwa madogo. Na karibu na bahari hayawi illa mchanga. Akajua ya kwamba nchi ile tambarare zamani ilikuwa bahari, ikajazwa na mito kwa udongo uliotoka milimani.

Watu hawa wawili waliyasema haya karibu miaka 1,000 iliyopita, wala hawakutoka katika dini kwa kuyasema. Nasi tutaishika kanuni ile ya Ibn Sina, ya ardhi na ya maji, tuipime katika milima ya Usambara.

FASILI YA PILI
Bonde la ufa, nalo ni kazi ya ardhi

Jua ya kwamba ardhi tunayoikanyaga si kipande kimoja. Ganda lake la juu limekatika vipande vikubwa mno, kimoja huweza kubeba bara zima, navyo hujongea polepole. Na Afrika yetu yavutwa pande mbili: upande wa mashariki, tulio sisi watu wa pwani, wajitenga na upande wa magharibi. Mwendo wake ni milimita chache tu kwa mwaka. Ukucha wa kidole chako hukua kwa mwezi mmoja kadiri ile ardhi iendayo kwa mwaka mzima. Walakini hebu hesabu: milimita 3 kila mwaka, kwa muda wa miaka milioni 1, ni kilomita 3.

Ukitaka mfano, litazame tao la mlango lililojengwa kwa mawe. Jiwe la katikati, lililo juu kabisa, limeshikwa na wenziwe wa kuume na wa kushoto. Lau kuta mbili zingejitenga kidogo tu, jiwe lile lingeteremka katikati. Hivyo ndivyo ardhi inavyokuwa: inapovutwa hupasuka nyufa mbili zilizokabiliana, na kipande cha katikati hushuka. Kuta zilizosalia zimesimama ndizo magenge. Sakafu iliyoshuka ndilo bonde. Na jina lake ni Bonde la Ufa.

Ufa huu mkubwa waanzia nchi ya Afar katika Uhabeshi, washuka kusini mpaka Msumbiji, nao una matawi mawili. Tawi la magharibi ndimo lilimo Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake chafika kiasi cha mita 1,470. Tawi la mashariki lapita Kenya, laingia Tanganyika penye maziwa ya Natron, Manyara na Eyasi. Mtaalamu wa mawe aitwaye John Walter Gregory alitoka Mombasa mwaka 1893, akaenda kwa miguu pamoja na wapagazi mpaka Ziwa Baringo, akazipima kuta za bonde hilo, na kitabu chake cha mwaka 1896 ndicho kilicholieneza jina lake duniani. Wala usidhani ya kuwa kazi hiyo imekwisha. Mwezi wa Septemba mwaka 2005, huko Afar, ardhi ilipasuka urefu wa kilomita 60 hivi, na mahali pengine ikatanuka hata mita 8. Basi mara nyingi huenda kwa milimita, na mara chache hurukia mita; na yote mawili yamo katika amri moja.

Sasa turejee Irente. Nyika unayoiona chini ya genge ni utanzu mmoja wa ufa huo, na wenye ilimu hii huuita Ufa wa Pangani. Milima ya Usambara na ya Upare ni kuta zake za upande wa mashariki. Usiifananishe Usambara na Kilimanjaro, kwani Kilimanjaro ni mlima wa moto, umejengwa kwa mawe yaliyoyeyuka yakamwagika, na umri wake haupati miaka milioni 3. Usambara haikumwagika: ni kipande cha ardhi ya kale kilichobaki juu, na vya kando yake vikashuka. Mawe yake yalipikwa kwa joto na uzito, makumi ya kilomita chini ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Na kuinuka kwake hakukuwa kwa siku moja, bali kulikuwa kwa vipindi vingi, na vingine ni vya kale kuliko Bonde la Ufa lenyewe. Hata Usambara ya Magharibi yenye Lushoto, na Usambara ya Mashariki yenye Amani, zimetengwa na bonde la namna hii hii: nalo ni bonde la mto Lwengera, literemkalo mpaka karibu na Korogwe.

Na ukisema, "Haya ni mambo ya bara, hayanihusu mimi," basi muulize nahodha. Atakwambia ya kuwa mkondo baina ya Unguja na Mrima si wenye kina kikubwa, lakini mkondo wa Pemba ni kilindi cha mamia ya mita. Sababu yake ni ipi? Ni kuwa Unguja iliungana na Mrima zama zile bahari ilipokuwa chini kwa kiasi cha mita 120 kuliko leo, kisha bahari ikapanda ikaitenga. Ama Pemba haikutengwa na maji, bali ilitengwa na ardhi kupasuka na kushuka katikati, kama ilivyo nyika ya Mkomazi chini ya Irente. Illa hii yetu imefunikwa na bahari. Basi mwenye kutweka tanga kutoka Tanga kwenda Mkoani hupita juu ya bonde la ufa, naye hajui.

SUALA: Je, mtu akisema ya kwamba ardhi yajongea, huwa amekanusha Qur'ani ilivyoifanya milima kuwa vigingi?

JAWABU: La, hasha. Kigingi hulikaza hema, wala hakimzuii mwenye hema kulihamisha atakapo. Milima ni imara kwa kadiri ya haja yetu sisi ambao umri wetu ni miaka 60 au 70. Na wako watu wa zama hizi waitwaao aya ya milima kupita kama mawingu, wakaifanya ni hoja ya ilimu hii. Sisi hatufanyi hivyo, kwa kuwa wafasiri wengi wameisema ya kwamba hiyo ni habari ya Siku ya Kiyama. Kitabu cha Mwenyezi Mungu hakina haja ya kushikizwa kwa maneno ya wataalamu, ambayo leo ni haya na kesho huenda yakasahihishwa. Yatosha kwamba kimetuamrisha tutazame, nasi tumetazama.

Na mwenye kuingiwa na hofu kwa kusikia mamilioni ya miaka, na akumbuke ya kuwa siku mbele ya Mola wetu si kama siku zetu tunazozihesabu. Muda mrefu haupunguzi uwezo wa Muumba. Aliye na nguvu hana haraka.

FASILI YA TATU
Korongo, nalo ni kazi ya maji

Bonde la ufa ni pana, na sakafu yake ni tambarare. Korongo si hivyo: ni jembamba, pande zake zimeinama kukutana chini, na katikati yake una mto. Ukiona mto mdogo umepita katika bonde kubwa lenye kuta zilizonyooka, mshuku ya kuwa bonde limeutangulia mto. Ukiona korongo limepindapinda pamoja na mto wake, jua ya kuwa mto ndio ulioliendea kulichimba.

Nalo huchimbwa vipi? Maji matupu hayawezi kuukata mwamba. Kinachokata ni mchanga na kokoto zilizobebwa na maji. Seremala hapigi ubao msasa kwa kiganja kitupu: maji ni mkono, na mchanga ni msasa. Na kabla ya hapo, mwamba wenyewe hulainishwa na mvua na joto na mizizi, hata ukageuka udongo mwekundu. Kisha masika hunyesha, mto ukafura, ukaukokota udongo ule na mawe yake.

Katika Usambara, jambo hili laonekana wazi. Juu ya mlima, mito hupita taratibu katika mabonde ya mviringo yenye mashamba. Lakini ifikapo ukingoni, palipokatwa na ufa, huwa haina njia illa kuporomoka. Na kadiri maji yanavyoporomoka kwa ukali ndivyo yanavyokata kwa ukali. Penye mwamba mgumu hujifanya maporomoko, kama ya Soni. Na maporomoko hayo hayakai mahali pamoja, bali hurudi nyuma kidogo kidogo, mwamba wake ukimeguka, na nyuma yake hubaki korongo. Basi njia ile ya kutoka Mombo unayoipanda kwa gari, iliyokufungulia mlango wa kupita si baruti ya wajenga barabara peke yake. Kabla yao ulitangulia mto.

Na je, udongo uliochimbwa ulikwenda wapi? Ulikuja kwetu. Mto wa Soni hushuka Mombo, ukaingia Mkomazi, na Mkomazi ukaingia Ruvu, ambao sisi twauita mto Pangani, mpaka baharini. Mto Umba hutoka misitu ya kaskazini ya Usambara, ukamwagika karibu na Vanga. Mto Sigi hutoka Amani, nao ndio unaonyweshea mji wa Tanga kutoka bwawa la Mabayani. Ukisimama Pangani wakati wa masika ukayaona maji ya mto yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, basi unautazama mlima unapita. Ni kama alivyoona al-Biruni: jiwe kwao milimani, mchanga kwetu pwani.

FASILI YA NNE
Mifereji, nayo ni kazi ya mikono yetu

Tumefika katika mas'ala la tatu, na ndilo tulilolikusudia.

Upepo utokao bahari yetu hubeba unyevu, ukapiga milima ya Usambara, ukapanda, ukapoa, ukawa mvua. Amani hupata kiasi cha milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na ilhali nyika ya Mkomazi iliyo nyuma ya mlima ni kavu. Mvua hiyo ikiangukia msitu, hupokewa na majani, kisha na majani makavu yaliyotandikika chini kama jamvi nene. Ardhi huinywa polepole, ikaitoa kidogo kidogo kwa njia ya chemchemi, hata katika kiangazi. Lakini ikiangukia mteremko uliofyekwa, ulio uchi, haina wa kuipokea. Hushuka mbio, na kila tone likachukua chembe yake ya udongo. Matone yakawa kijito, na kijito kikachimba mfereji. Udongo uliochukua maelfu ya miaka kufanyika huweza kuondoka kwa masika machache. Kisha kiangazi kikifika, chemchemi hupungua, kwani maji yaliyopasa kubaki yalikwisha kukimbia.

Huenda ukasema: "Mimi ni mtu wa pwani, sina shamba mlimani, wala sikukata mti." Nami nakuuliza: mbao za mkulo ulizofanyia kitanda na kabati, zimetoka wapi? Mkulo ni mti wa milima ile, hata wataalamu wameupa jina la Usambara katika majina yao. Na makaa uyachomeayo samaki, wamjua aliyeyachoma? Mnunuzi ni mshirika wa mkata mti, kama mpokeaji alivyo mshirika wa mtoaji. Mshambaa alimaye mtelemkoni hulima kwa kuwa ardhi yake ni ndogo na watoto wake ni wengi. Ama sisi twanunua kwa kuwa rahisi, bila ya kuuliza.

Wala tusiseme ya kuwa dawa yake ni amri na bakora. Hiyo ilijaribiwa. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza Mlalo mpango wa kuzuia udongo usichukuliwe na maji, kisha ikaueneza katika Usambara. Watu wakalazimishwa kulima matuta, na waliokataa wakaadhibiwa. Kazi ilikuwa nzito, na watu hawakushauriwa kwa haki, wakachukia, wakapinga. Na mpango ule ukaachwa katika miaka ya 1950. Kusudi lake lilikuwa na maana, lakini jambo jema lililoletwa kwa dhulma halioti mizizi. Sisi tulioamrishwa kufanya mambo yetu kwa kushauriana tungepaswa kulijua hilo kabla ya wengine.

KHATIMA

Sasa lieleweke kosa la mwenye kuyachanganya mambo haya matatu.

Genge la Irente hatuna mkono ndani yake. Mwenyezi Mungu aliipasua ardhi kabla ya kuwako mwanadamu wa kuiona. Haki yake kwetu ni kutazama, kujifunza na kumtukuza.

Korongo la Soni nalo hatuna mkono ndani yake. Haki yake kwetu ni ibra: kwamba jambo dogo linalodumu hushinda jambo kubwa linalokoma. Aliyeona tone limekata jabali hawezi kuidharau sadaka ndogo, wala dhambi ndogo.

Ama mfereji mwekundu ulio shambani, huo tuna mkono ndani yake. Na kosa ninaloliogopa ni hili: mtu akiuona mfereji umechimba shamba, na chemchemi imekauka, na maji ya mfereji wa mjini yamekuwa tope, husema, "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu," kama asemavyo juu ya genge. Kadari ni haki, twaiamini, ya kheri na ya shari. Lakini kuitaja kadari ili kuficha kazi ya mikono yako si imani, bali ni kumsingizia Mola wako. Penye genge husemwa "Subhana-llah." Penye mfereji husemwa "Astaghfiru-llah."

Na toba, kama walivyotufunza masheikh wetu, si neno la ulimi tu. Ni kuiacha dhambi, na kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Na ikiwa ndani yake mna haki ya waja, ni kuirudisha haki hiyo kwa wenyewe. Maji ni haki ya waja. Basi mwenye kununua mbao na aulize zilikokatwa, na kama zilikatwa kwa ruhusa. Mwenye uwezo na ashirikiane na ndugu zetu Waislamu wa Lushoto, Bumbuli na Mlalo katika kuotesha miche, kwani tumefunzwa ya kuwa mti unaoliwa na mtu au ndege au mnyama ni sadaka kwa aliyeupanda. Na wakfu si wa nyumba na minazi tu, kitalu cha miti nacho hufaa kuwa wakfu. Na sisi sote tuitazame mifereji ya misikiti yetu, jinsi tunavyoyaacha maji yakimwagika wakati wa udhu, na ilhali tumekatazwa israfu ya maji hata mtu akiwa ukingoni mwa mto unaopita. Maji yale yametoka Amani. Yamepita mashamba ya watu kabla ya kufika mikononi mwako.

Ewe ndugu, utakapopanda tena njia ya Mombo, ukafika Irente ukasimama ukingoni, sema tasbihi yako, kisha usigeuze uso upesi. Litazame genge, ulitazame korongo, uutazame na mteremko ulio uchi. Uipe kila mmoja haki yake.

Tulilolipatia katika maandiko haya ni kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu, na tulilolikosea ni letu sisi. Mwenye kujua zaidi na atusahihishe, naye atapata thawabu. Twamuomba Mola wetu atufanye wenye kutazama wakaongoka, wala asitufanye waharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake. Amin.